Miche, mtambo au muhuri: fedha ya kihamba ianzie wapi?

Kila Desemba, wenyeji wa miteremko ya Kilimanjaro wanaoishi Arusha, Dar es Salaam na kwingineko wanaporudi nyumbani, hufanyika vikao vya familia ambavyo mwishoni hurudi kwenye swali lile lile: kihamba, yaani shamba la nyumbani la kahawa na migomba chini ya miti, tukifanyeje. Mibuni imezeeka, mzee hana tena nguvu za kubeba bomba la kupulizia dawa, na hakosekani anayependekeza miti mikubwa ipasuliwe mbao ili mahali pake pastawi mahindi au nyanya. Kikao kama hicho hufanyika pia, kwa maneno rasmi zaidi, kwenye bodi ya chama cha msingi cha ushirika inapopata fedha kidogo ya maendeleo, na kwenye ofisi za wafadhili wanaotaka mkulima mdogo apate riziki bila msitu kuguswa. Kwa hao wote nimeweka hapa sambamba njia zinazopendekezwa mara nyingi, nikizipima kwa mizani miwili: shilingi inayobaki mkononi mwa mkulima, na miti inayobaki imesimama.

Ieleweke kwanza ni kitu gani tunachokipima. Kahawa ililetwa Kilimanjaro na wamisionari Wakatoliki wa Kilema mwishoni mwa karne ya 19, nayo haikukuta ardhi tupu. Ilichomekwa katikati ya migomba, chini ya mringaringa na mfuruanje, pembeni mwa mifongo iliyoteremsha maji kutoka msituni. Mtafiti Andreas Hemp, aliyeuchunguza mlima huu kwa miaka mingi, ameorodhesha zaidi ya spishi 500 za mimea ndani ya vihamba, nyingi zikiwa zimejiotea zenyewe. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua mfumo wa kihamba wa Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu wa dunia. Kwa msitu ulio juu yake, hata hivyo, thamani ya kihamba ni ya kawaida kabisa: kinatoa kuni, majani ya ng'ombe na mbao, vitu ambavyo vingefuatwa msituni kama visingepatikana nyumbani. Tangu mwaka 2005, Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilipopanuliwa na kuuingiza msitu uliokuwa nje ya mipaka yake, mzigo huo umekielemea kihamba zaidi. Kwa hiyo anayeng'oa kahawa na kukata miti yake anahamishia mahitaji yake kwenye mpaka wa hifadhi, hata kama yeye mwenyewe hajakanyaga huko.

Kivuli kizito, jua kali, au kati yake

Hoja ya kukata miti ina ukweli ndani yake, na si haki kuibeza. Mbuni ulio kwenye giza hutoa maua machache, hukaa na unyevu muda mrefu na kukaribisha magonjwa ya ukungu, na kihamba kingi cha leo ni giza kwa sababu hakuna kijana wa kupanda juu ya mti kupunguza matawi. Mashamba makubwa ya chini, yaliyo wazi au yenye kivuli chepesi, huvuna zaidi kwa hekta, na mwenye nusu ekari huyatazama kwa wivu. Kinachosahaulika ni kwamba mashamba yale yana maji ya kumwagilia, mbolea ya viwandani kwa ratiba na mtaalamu anayelala shambani. Mbuni ulio kwenye jua kali bila vitu hivyo huzaa sana mwaka mmoja, hukauka ncha za matawi mwaka unaofuata, na hupoteza majani kiangazi kinapozidi. Mwenye kihamba akinunua jua, amejifunga kununua mbolea na maji pia, na hapo kwenye mbolea na maji ndipo mpango mzima hukwama.

Kati ya hali hizo mbili kuna kivuli kilichopunguzwa, na kwa maoni yangu ndiyo njia pekee inayostahili kujadiliwa kwa shamba lisilo na umwagiliaji. Kipimo chake hakihitaji chombo. Simama kati ya mibuni saa sita mchana, siku isiyo na mawingu, utazame chini. Ukiona ardhi nyeusi moja kwa moja, punguza. Ukiona ardhi nyeupe inayomeremeta, panda. Ukiona madoa ya mwanga yametawanyika na kuchezacheza kila upepo unapopita, huku kivuli kikifunika kama theluthi ya ardhi, acha. Mfuruanje una majani madogo yanayopitisha mwanga, na huongeza naitrojeni kwenye udongo. Mringaringa hutoa mbao nzuri na mboji ya majani mapana. Mgrivilea hukua haraka na hukubali kukatwakatwa matawi, ingawa si mti wa kwetu. Mkaratusi usiupande ndani ya kihamba wala kando ya mfongo, kwa kuwa hunywa maji mengi mno. Migomba nayo ni kivuli, tena ndiyo inayosahaulika zaidi: shina lililoachwa na machipukizi saba huinyang'anya kahawa mwanga na chakula, ilhali ule utaratibu wa zamani wa kuacha watatu tu, mama, mtoto na mjukuu, huwapa wote nafasi.

Miche mipya au mtambo wa pamoja

Shamba likishapata mwanga, swali linakuwa fedha ya kwanza iende wapi. Mibuni mingi ya vihamba ni ya aina za zamani kama N39 na KP423, ambazo mnywaji huzisifu kwa ladha lakini chulebuni na kutu ya majani huzimaliza zisipopuliziwa dawa mara kadhaa kwa msimu. Chulebuni ni ugonjwa katili kwa namna yake: tunda la kijani huota doa dogo jeusi lililobonyea, doa linatanuka, na wiki chache baadaye lililokuwa tawi zuri linabeba vijiganda vyeusi vilivyokauka, ndani hamna kitu. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, yenye makao yake Lyamungu, imekuwa ikitoa tangu mwaka 2005 aina chotara zinazostahimili magonjwa hayo mawili. Faida yake ina pande mbili. Mkulima hanunui tena dawa ya ukungu kwa wingi ule wa zamani, na dawa isiyopuliziwa haifiki kwenye mfongo.

Hasara yake ni kusubiri. Mche mpya huanza kuleta mavuno ya maana kuanzia mwaka wa tatu, na familia inayotegemea kahawa kwa ada haiwezi kung'oa shamba zima. Hapo ndipo miradi mingi ya kugawa miche hukosea, kwa kuhesabu miche iliyogawiwa badala ya kuuliza familia itakula nini kabla haijazaa. Njia salama ni kubadilisha robo ya mibuni kila mwaka, ukianza na ile iliyochoka kabisa, na kuacha mingine iendelee kulipa. Jambo la kuangalia: usioteshe punje ulizookota chini ya mbuni wa jirani ukidhani utapata uchotara wake. Miche ya aina hizi huzalishwa kwa vikonyo, kwa kubebesha au kwa mbegu maalumu ya kituo, na ile ya kuokota haifanani na mama yake.

Mtambo wa pamoja wa kumenya hutatua tatizo jingine, nalo ni bei ya kila kilo. Anayemenya nyumbani hufanya kazi jioni, akiwa amechoka, mara nyingi kwa mashine ya mkono aliyoazima. Ukichungulia debe lake la maji unaona matunda yanaelea, yaani yaliyotobolewa na wadudu au yasiyojaa, na kama usiku umeingia hayaondolewi, yanamenywa pamoja na mengine. Kahawa ile huchachushwa kwenye ndoo, na siku ya kuiosha ikiangukia kwenye msiba, inakaa siku mbili zaidi na kuchacha kupita kiasi. Kisha inamwagwa kwenye gunia moja na ya jirani aliyefanya kila kitu sawasawa, na wote wanalipwa kwa daraja la chini. Kwenye mtambo wa pamoja kahawa mbivu huchaguliwa mlangoni, humenywa siku hiyo hiyo na kukaushwa kwenye vichanja na watu wanaoijua kazi hiyo, jambo linalofanya ladha iwe moja na mnunuzi aweze kurudi mwaka ujao akiitafuta ile ile.

Lakini uzani unauma. Inahitajika takriban kilo 6 za kahawa mbivu kupata kilo moja safi iliyokobolewa, kwa hiyo anayetarajia kilo 90 safi atakuwa amebeba kichwani zaidi ya kilo 500 za mbivu kwenye njia za mteremko, katika siku zote za mavuno. Maganda hubaki mtamboni na kugeuka kero badala ya kurudi shambani kuwa mbolea, na maji machafu ya kumenyea, yakiachiwa yaingie mfongoni bila shimo la kuyatuliza, huwanyima majirani wa chini maji safi kwa msimu mzima. Ningeshauri mtambo pale tu ambapo nyumba za wanachama zimesongamana, mashine ni ya aina inayotumia maji kidogo, na chama kina rekodi ya kulipa kwa wakati. Chama chenye madeni ya misimu miwili hakihitaji mtambo, kinahitaji hesabu.

Mihuri mitatu inayobishaniwa

Sehemu hii ndiyo inayoleta mabishano mengi, kwa kuwa kila muhuri, yaani alama ya cheti cha kahawa, una wapiga debe wake. Mitatu inayofika zaidi kwenye vyama vyetu ni wa Fairtrade, wa Rainforest Alliance wenye picha ya chura, na wa kilimo hai.

Fairtrade ni bima ya bei kwanza, na mambo mengine baadaye. Tangu Agosti 2023 bei yake ya chini kwa Arabika iliyooshwa ni dola 1.80 kwa ratili moja, sawa na dola 3.97 kwa kilo, ikipimwa bandarini na si mlangoni kwa mkulima. Soko likiwa juu ya hapo, kinacholipwa ni bei ya soko, na juu yake nyongeza ya senti 20 kwa ratili ambayo haiingii mfukoni mwa mtu mmoja mmoja bali kwenye chama, na mkutano mkuu ndio unaoamua matumizi yake. Aliyeuza kahawa mwaka 2001, bei ya dunia iliposhuka chini ya senti 50 kwa ratili na watu wakang'oa mibuni, anaijua thamani ya bima hiyo. Aliyeanza mwanzoni mwa mwaka 2025, bei ilipovuka dola 4, ataiona haina kazi. Wote wawili wana haki, ila bima hukatwa kabla ya ajali. Lipo pia jambo lisilosemwa sana: chama kinaweza kumwomba mnunuzi malipo ya awali hadi asilimia 60 ya thamani ya mkataba, fedha ambayo inaweza kumzuia mwanachama asiuze kichochoroni mwezi wa ada. Kuhusu msitu, masharti ya Fairtrade yapo, lakini si ndiyo nguzo yake.

Rainforest Alliance imejengwa upande huo wa msitu. Shamba lililofyekwa kutoka msitu wa asili baada ya tarehe 1 Januari 2014 halikubaliki, na kwa zao linalostahimili kivuli kama kahawa lengo ni uoto wa asili ufikie asilimia 15 ya eneo. Kihamba hutimiza kipimo hicho bila jasho, na kwa sababu hiyo vyama vingi huupata muhuri huu kwa urahisi zaidi, hasa kwa kuwa mbolea ya viwandani inaruhusiwa na dawa zisizo kwenye orodha ya marufuku pia. Udhaifu wake uko kwenye fedha. Hakuna bei ya chini, na ile nyongeza ya bei kwa ajili ya uendelevu anayotakiwa kulipa mnunuzi haina kiwango kilichowekwa kwa kahawa. Hutegemea mazungumzo, na mnunuzi wa kontena mia moja na chama cha wanachama mia tatu hawazungumzi wakiwa na nguvu sawa. Kwa mizani yangu muhuri huu unamthawabisha mkulima kwa jambo alilokuwa analifanya tayari, kwa malipo ambayo haijulikani yatakuwa kiasi gani.

Kilimo hai hulipa vizuri kuliko hiyo miwili, na hudai zaidi. Kwa soko la Umoja wa Ulaya, mmea wa kudumu kama kahawa unahitaji miaka 3 ya mpito kabla ya mavuno ya kwanza kuuzwa kama hai, huku gharama za ukaguzi zikiendelea. Kahawa iliyo hai na ya Fairtrade kwa pamoja hupata senti 40 za ziada kwa ratili. Ugumu hautokani na kahawa yenyewe, bali na nyanya. Kihamba ni shamba lenye kila kitu, na mama aliyepanda tuta mbili za nyanya karibu na zizi, akazipulizia dawa aliyouziwa dukani, ameiharibu hadhi ya kahawa iliyo hatua kumi kutoka pale, na mkaguzi akiikuta chupa tupu juu ya kichanja huuliza maswali ambayo kundi zima litayajibu. Sheria mpya ya Ulaya imeongeza sharti kwamba kundi la wakulima liwe na uhai wake wa kisheria na lisizidi wanachama 2,000, kwa hiyo vyama vikubwa vinalazimika kujigawa.

Hapa ndipo miche inaporudi kwenye mazungumzo. Anayetaka kilimo hai akiwa bado na N39 ya zamani anajitafutia hasara, kwa kuwa zana zilizobaki dhidi ya chulebuni ni shaba kwa kiasi kilichowekewa mpaka, kupogoa na dua. Mwenye aina zinazostahimili, ng'ombe wawili zizini na samadi ya kutosha anaweza kulima hivyo bila mavuno kuporomoka.

Tuweke namba za mfano. Chukua familia yenye mibuni 300 inayotoa gramu 300 za kahawa safi kila mmoja, jumla kilo 90. Nyongeza ya Fairtrade kwa kilo hizo ni karibu dola 40, tena za chama. Ziada ya kilimo hai ni karibu dola 79. Sasa chukua mibuni hiyo hiyo ikiwa imepogolewa, imepewa samadi na sehemu kubwa kubadilishwa, ikafika gramu 600: kilo 90 zilizoongezeka, hata zikiuzwa kwa dola 3.97 tu na theluthi nzima ikaliwa na usafiri, ukoboaji na makato, huleta karibu dola 238. Mihuri yote hulipa kwa kilo, na mwenye kilo chache hupata kidogo kwa muhuri wowote ule. Zaidi ya hayo, kahawa yenye cheti si lazima iuzwe kama yenye cheti. Mnunuzi akihitaji nusu tu, nusu nyingine huenda mnadani Moshi kama kahawa ya kawaida, ilhali ada ya ukaguzi imelipwa kwa yote.

Ramani si muhuri, lakini haina hiari

Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 dhidi ya bidhaa zinazotokana na ukataji wa misitu imeitaja kahawa, na tarehe yake ya kukatia ni 31 Desemba 2020, yaani kahawa ya ardhi iliyofyekwa msitu baada ya siku hiyo haikubaliki. Utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, jambo lililowafanya baadhi ya viongozi wa ushirika kuiweka kabatini. Nadhani wanakosea. Sheria inataka mahali pa kila shamba paonyeshwe, na kwa shamba lisilozidi hekta 4 inatosha nukta moja ya ramani (GPS), kazi ambayo kijana mwenye simu anaweza kuifanya kwa wanachama wa kijiji kizima ndani ya wiki chache. Hatari iliyopo kwetu ni ya kipekee: kihamba kikitazamwa kwa setilaiti hufanana na msitu, na miti yake ikikatwa, picha ya mwaka unaofuata yaweza kusomeka kama msitu uliofyekwa. Sheria yenyewe huyahesabu mashamba ya mazao yaliyo chini ya miti kuwa kilimo na si msitu, lakini ni chama chenye kumbukumbu zake ndicho kitakachoweza kujitetea. Kumbukumbu hizo zibaki mali ya chama. Akija mnunuzi na kujitolea kupima bure, akubaliwe kwa sharti la kuacha nakala, vinginevyo mwakani chama kitajikuta hakiwezi kumuuzia mwingine.

Anayeuliza kuhusu parachichi la Hass anastahili jibu fupi la kweli: kwa mti mmoja mmoja linaweza kulipa kuliko kahawa, na lina nafasi yake mpakani mwa kihamba. Likipandwa katikati, giza lake ni zito na mbuni ulio chini yake hufa polepole.

Kwa familia ya Desemba, basi, mpangilio wangu ni kupunguza kivuli na migomba, kupogoa, na kuweka miche mipya kwenye robo ya kwanza. Muhuri waachie chama. Kwa bodi ya chama chenye wanachama wanaovuna kidogo, fedha iende kwenye kitalu na kwa afisa ugani kabla ya mkaguzi yeyote, na nukta za ramani zichukuliwe wakati huo huo. Chama ambacho tayari kina kilo na uaminifu kianze na Fairtrade kwa ajili ya bima na malipo ya awali, kisha kifikirie kilimo hai aina mpya zitakapokuwa zimeenea. Chura aje pale mnunuzi atakapotaja kiwango chake kwa maandishi. Na mfadhili anayelipia ukaguzi wa mwaka wa kwanza pekee akumbuke kwamba ukaguzi wa mwaka wa pili utalipwa na mtu fulani. Malipo yakishaanza kupitia benki au simu, jina la mama anayechuma liwemo kwenye daftari la wanachama, kwa kuwa ni mikono yake itakayochagua mbivu au kuzichanganya na za kijani.

Miche huagizwa mapema kwa kuwa vitalu huishiwa. Mashimo ya sentimita 60 kwenda chini na 60 kwa upana huchimbwa Januari, udongo wa juu ukitengwa na wa chini, huchanganywa na samadi iliyooza, na huachwa yatulie hadi masika ya Machi yaanze.